Baba anataka pumzi zaidi: supachaja, silinda namba tatu na bumu langu

Najua nimekuwa kimya tangu semista ianze, na wengine mmeshaanza kunitania kwamba nimepata mchumba Gerezani, maana kila Jumamosi nawaacha pale kwenye vimbwete na madesa yenu, naondoka, halafu narudi jioni kucha zote nyeusi. Mchumba hakuna. Kuna gari la baba. Leo nimepata nafasi, ngoja niwape mkasa mzima, kwa sababu ndani yake kuna themo tupu, ile ile inayowagawia watu sapu kila mwaka, ila safari hii ina harufu ya petroli.

Gari lenyewe ni Toyota MR2 ya mwaka 1988, bodi ya AW11. Kwa wasiolijua: ni kagari ka milango miwili na viti viwili, taa za mbele zinainuka kama macho ya chura, na injini iko nyuma ya viti. Bodi hiyo Toyota waliitengeneza kuanzia 1984 hadi 1989, na mwaka 1986 wakaanza kuuza Japani toleo lenye supachaja. La baba ni hilo. Injini inaitwa 4A-GZE, silinda nne, valvu 16, cc 1,587, na kwa karatasi za Japani ilitoka kiwandani na nguvu farasi 145. Baba alilinunua mtumba mwaka 2004 kwa mtu aliyekuwa anahama nchi, mimi nikiwa bado nanyonya. Dashibodi sasa inasoma kilomita 186,000 na ushee.

Mwezi wa pili baba akaniita nyumbani. Nikadhani ni mambo ya ada. Akanikalisha akasema, "Mama, wewe si ndiyo unasomea mitambo? Nataka uniongezee pumzi kwenye gari kidogo." Nikacheka. Yeye hakucheka. Ndipo akanieleza kwamba kliniki ya macho wamemwambia ana presha ya macho, ile wanayoiita glakoma. Inaanza kula pembeni mwa uwezo wa kuona, polepole, bila maumivu, na kilichokwisha kuondoka hakirudi. Dawa za matone zinashusha presha ili kisiendelee kuondoka zaidi. Usiku ameshakatazwa kuendesha. Mchana bado wamemruhusu, lakini anapimwa kila baada ya miezi michache, na siku moja watamwambia basi.

"Mimi wananishusha presha," akasema, "wewe nipandishie ya gari. Nataka nilisikie likivuta vizuri kabla sijakabidhi funguo."

Sasa hapo utasema nini, jamani? Mtu aliyekulipia shule tangu chekechea hajawahi kukuomba kitu, halafu anakuomba hiki kimoja.

Ngoja kwanza nieleze pumzi ni nini, halafu mtaona kwa nini sikujibu ndiyo siku hiyo hiyo.

Injini ni pampu ya hewa. Hii ya baba, kila kreki inapozunguka mara moja, inameza nusu ya ujazo wake, yaani kama lita 0.79. Mbele yake kuna supachaja aina ya SC12, mashine yenye rota mbili zinazosukuma hewa, inayoendeshwa na mkanda kutoka kwenye kreki. Hiyo 12 maana yake ni lita 1.2 kwa kila mzunguko wa rota. Hata kama rota zingezunguka sawasawa na kreki, ungekuwa unasukuma lita 1.2 mahali panapomeza 0.79. Hewa isiyo na pa kwenda inabanana, na kubanana huko ndiyo busti. Kiuhalisia rota zinazunguka kwa kasi kuliko kreki, na hewa nyingine inavuja kurudi nyuma kwenye nafasi kati ya rota na nyumba yake. Kwenye gari letu geji ilisoma bar 0.5 juu ya hewa ya kawaida, kama paundi 7 hivi kwenye ile geji ya kujazia matairi.

Ukitaka kuiongeza, njia ya mkato inayojulikana ni puli. Weka puli ndogo zaidi kwenye supachaja, mkanda utaizungusha haraka zaidi. Puli ikipungua asilimia 10, rota zinaongeza kasi kwa asilimia 11. Ni bolti chache na mkanda mfupi zaidi, kazi ya asubuhi moja. Ndiyo maana kijana mmoja muuza spea alivyosikia shida yangu aliniambia, "Dada, nakuchongea puli ndogo kwa asilimia 15, laki mbili na nusu tu, mzee atapaa."

Ndiyo hofu yangu, kwamba atapaa.

Nikarudi chuoni nikakaa na karatasi. Hewa ukiibana inapata moto, hilo tunalijua tangu tulipopampa baiskeli. Chukua hewa ya Dar ya nyuzi 32. Ibane kwa bar 0.5 kwa supachaja ya aina hii, na tuchukulie ufanisi wake ni nusu, kwa sababu rota za namna hii hazisifiki kwa ufanisi. Inatoka na nyuzi 107 hivi. Sasa weka ile puli ya asilimia 15: busti inapanda hadi karibu 0.76, na hewa inatoka na nyuzi 139. Joto linatanua hewa, kwa hiyo faida inaliwa. Nilipokokotoa, bila kupoza chochote katikati, injini ingepata hewa asilimia 8 tu zaidi ya ilivyokuwa ikipata kwa 0.5. Mkanda unakazwa zaidi, rota zinakimbia zaidi, kreki inanyonywa nguvu zaidi kuzizungusha, na silinda zinapokea hewa ya moto wa kutisha. Yote hayo kwa asilimia 8.

Halafu hiyo hewa ya moto ndiyo mama wa noki. Hapa tuelewane lugha. Mtaani tukisema gari limenoki tunamaanisha injini imekufa. Kitabuni noki ni kitu kinachotangulia kifo hicho. Plagi inawasha mchanganyiko, moto unatembea kwa mpangilio kutoka kwenye plagi kwenda pembeni. Ule mchanganyiko wa mwisho, uliobanwa kwenye kona, ukiwa na joto kupita kiasi, unalipuka wenyewe kabla moto haujaufikia. Unasikia kama mtu anatikisa kokoto ndani ya kopo. Kila mlio ni nyundo juu ya pistoni. Ukiuacha uendelee, unavunja ringi, unatoboa pistoni, unakula beringi. Ndipo mtaa unasema imenoki.

Injini iliyotembea sana inanoki kirahisi kuliko mpya, na sababu zake zinaeleweka. Ndani ya chemba kuna masizi ya miaka, yanapunguza nafasi na mengine yanabaki mekundu kama kaa la moto. Ringi zilizochoka zinapitisha oili, na mvuke wa oili ukichanganyika na petroli unashusha oktani yake. Rejeta imeziba kidogo, nozeli moja inakojoa badala ya kupulizia, mpira fulani umepasuka. Kila kimoja ukikitazama peke yake ni kidogo. Chini ya busti vinashikana mikono.

Kwa hiyo nikampigia baba. "Shikamoo baba. Nitakufanyia, lakini kwanza tupime." Akajibu, "Marahaba mama. Pima, ila usinipime hadi nife." Mnaona mzee wangu alivyo.

Fundi tuliyempata ni mzee mmoja wa makamo, mtulivu, ana banda lake nyuma ya mafundi seremala. Jambo la kwanza alilofanya ni kunyoosha mkono na kuchomoa kijiti cha oili ya supachaja. Wengi hawajui kwamba SC12 ina oili yake mbali na ya injini. Ilikuwa imeshuka na nyeusi. Akanitazama, akasema, "Mnataka akimbie zaidi, na maji hamjampa." Hiyo ilikuwa salamu yake.

Tukapima kompresheni. Injini ikiwa ya moto, plagi zote nje, kipedeli cha mafuta kimekanyagwa hadi chini, stata inazungusha. Silinda ya kwanza bar 10.8. Ya pili 10.6. Ya nne 10.7. Ya tatu 9.1. Kikawaida kwa Toyota za aina hii tofauti kati ya silinda haitakiwi kuzidi kama bar 1. Sisi tulikuwa na 1.7. Fundi akamimina kijiko kimoja cha oili ndani ya silinda ya tatu, tukapima tena: 10.4. Maana yake oili imeziba mahali palipokuwa panavuja, kwa hiyo shida ni ringi. Kama namba ingebaki pale pale, tungeshuku valvu. Ili kuhakikisha tukajaza hewa ya kompresa ndani ya silinda hiyo pistoni ikiwa juu kabisa na tukasikiliza. Kwenye bomba la moshi kimya. Kwenye rejeta hakuna mapovu, kwa hiyo gasketi nzima. Kwenye kifuniko cha oili, shwaaa, kama mtu anapumua usingizini.

Hapo ndipo palipokuwa na uamuzi, na haukuwa wangu. Baba alikuwa ametenga fedha za kiinua mgongo kidogo kwa kazi hii. Zilitosha puli, geji na plagi, na chenji ya soda ikabaki. Au zilitosha kufungua injini: ringi, beringi za kreki, gasketi, kuhonisha silinda, milioni moja na laki mbili, halafu hakuna puli. Vyote viwili havikuwezekana. Na muda nao: kufungua injini ni wiki tatu mpaka nne, kisha kuna kilomita za kuilegeza. Miadi yake ya kliniki ilikuwa baada ya miezi mitatu.

Nikamwekea baba mezani bila kumung'unya. Nikamwambia ukiweka puli leo, Jumapili hii utalisikia likivuta kuliko ulivyowahi kulisikia. Inaweza kuwa wiki, inaweza kuwa mwaka, lakini silinda ya tatu ndiyo itakayoachia, na ikiachia kwa busti hiyo haitaachia kwa adabu. Ukiweka ringi, utarudi ulipokuwa mwaka 2004 na huenda nisiwahi kukuongezea kitu juu ya hapo.

Alinyamaza kitambo. Mama alikuwa anachambua mchele, naye akanyamaza. Kisha baba akasema, "Mimi sikuomba linishinde. Niliomba livute. Fungua."

Basi tukafungua. Habari njema ni kwamba Toyota injini hii waliipa pistoni za kufuliwa, siyo za kumimina, na zetu zilikuwa nzima. Ringi ya pili ya silinda ya tatu ilikuwa imeganda na masizi kwenye mfereji wake, ndiyo maana ilikuwa haikazi. Kuta za silinda hazikuwa na ngazi. Mistari ya kuhonisha ikapigwa, ringi mpya, beringi mpya. Masizi kwenye pistoni tulikwangua mimi na fundi kwa kijiti cha mbao ili tusichane. Nusu ya jumba zima la wasichana linajua nilivyonuka siku hiyo.

Wakati injini iko mezani, tukashughulikia vile vidogo vinavyoshikana mikono. Hapa nataka wadau wenye magari ya busti, hata za tabo, msome taratibu.

Mipira ya hewa. Gari hili linapima hewa kwa kibao kinachosukumwa na upepo unaoingia, na kompyuta inasoma kibao kimefunguka kiasi gani ndipo inatoa petroli. Mpira ukipasuka kati ya kibao na supachaja, hewa inaingia bila kuhesabiwa, petroli inakuwa pungufu, joto linapanda. Ukipasuka baada ya supachaja, hewa iliyohesabiwa inatoroka, petroli inazidi na busti inashuka. Tulikuta nyufa mbili upande wa kwanza, upande ule mbaya. Jambo lingine kuhusu kibao: kikishafunguka hadi mwisho, kompyuta inakuwa kipofu. Ukiiongezea hewa zaidi ya hapo haioni, na petroli haiongezeki. Kwa hiyo hata kama silinda zingekuwa mpya kabisa, puli ndogo kupita kiasi kwenye mfumo huu inakupeleka gizani.

Petroli. Pampu tukapima msukumo wake, nozeli nne tukapeleka kuoshwa na kupimwa kama zinatoa sawa. Moja ilikuwa inatoa pungufu. Mnaweza kubashiri ilikuwa ya silinda ipi.

Plagi. Tukaweka za baridi kwa hatua moja, na mwanya tukaupunguza hadi milimita 0.8, kwa sababu cheche inapata tabu kuruka mwanya mpana kwenye hewa iliyobanwa.

Waya wa sensa ya noki. Injini hii ina sensa inayosikia kokoto na kuiambia kompyuta irudishe nyuma muda wa cheche. Ni rafiki mkubwa, lakini ana miaka zaidi ya 30, na ganda la waya wake lilikuwa linakatika kama biskuti. Tukabadilisha.

Intakula. Huyu ndiye mpozaji wa hewa kati ya supachaja na injini. Kwenye MR2 amekaa juu ya injini, chini ya boneti ya nyuma, mahali pabaya kabisa, kwa sababu kwenye foleni anapikwa kutoka chini. Joto la hewa baada ya intakula kompyuta haliambiwi na mtu, kwa hiyo nikatoa fedha kwenye bumu langu, nikanunua waya wa kupimia joto na kisomeo chake, tukaupachika kwenye bomba. Rumeti wangu alisema mimi ni mtu wa kwanza Mlimani kula chipsi kavu wiki mbili kwa ajili ya joto la hewa. Foleni ya Ubungo, saa kumi jioni: nyuzi 88. Tukamtoa intakula, tukamwosha mafuta na vumbi kwa sabuni, tukarudisha sponji za pembeni zinazolazimisha upepo upite ndani yake badala ya kuzunguka, tukaongeza feni ndogo ya umeme. Foleni ile ile, saa ile ile: nyuzi 61.

Kokotoeni wenyewe. Kutoka 88 kushuka hadi 61, kwa busti ile ile, ni hewa asilimia 8 zaidi. Asilimia 8 ile ile ya hesabu yangu ya puli ya kupaa, na hii imekuja na baridi badala ya moto. Sabuni, sponji na feni. Nilipomwonyesha fundi hesabu yangu akasema hajui hayo madude ya herufi, ila kila siku anawaambia watu waoshe rejeta zao.

Baba akaendesha kilomita 1,000 za kulegeza, taratibu, mchana tu, Jumapili kwenda Bagamoyo na kurudi, bila kulivuta. Mara nyingi nilikaa pembeni yake. Niliona anavyogeuza kichwa zaidi kuliko zamani kwenye makutano, kulia, kushoto, kulia tena. Ameshajifunza kufidia. Sikusema kitu.

Tukamwaga oili, tukapima tena: 11.0, 10.9, 10.9, 11.0. Fundi akaziandika ukutani kwa chaki.

Na hapo sasa, kwa sababu kaka yangu wa Mwanza alisikia habari na akatuma kidogo, ndipo tukaongea puli. Si ya asilimia 15. Tulichonga ya asilimia 5 kwa fundi mchongaji anayetumia chuma cha aluminiamu chenye daraja linalojulikana, siyo sufuria zilizoyeyushwa, maana kitu kinachozunguka kwa kasi hiyo kikipasuka kinakuwa bomu. Asilimia 5 inaongeza kasi ya rota kwa asilimia 5.3. Hesabu: 1.5 mara 1.053 ni 1.58, yaani busti ya 0.58. Geji ikasoma 0.57. Nilifurahi kuliko siku ya matokeo ya UE.

Muda wa cheche tukaurudisha nyuma nyuzi 2. Tukaweka kipimo cha hewa na petroli kwenye bomba la moshi. Petroli inaungua kamili kwa uwiano wa 14.7 kwa 1, lakini chini ya busti kamili unataka petroli izidi, iwe kati ya 11.5 na 12, kwa sababu petroli ya ziada inapoza chemba. Yetu ilikuwa 11.8, na ilikaa hapo hapo hadi juu, maana yake kibao bado kinaona. Kisha masikio: bomba jembamba la shaba limefungwa kwenye bloku, mpira unatoka hapo hadi kwenye vile viziba masikio vya karakana. Mimi nimevaa, fundi anaendesha, gia ya pili tu ili spidi isitupeleke kubaya. Nilisikia valvu, nilisikia mkanda, nilisikia fundi akiimba kaswida. Kokoto hakuna.

Tukajiwekea na masharti. Kama zamani ulikuwa unavuta hadi mizunguko 7,000, sasa mwisho 6,600, ili rota zisizidi kasi ile waliyoizoea. Hewa ya intakula ikizidi nyuzi 75, toa mguu. Mkanda unakaguliwa kila mwezi, kwa sababu puli ndogo inaushika kidogo na unaweza kuteleza. Na kabla ya yote hayo tulibadili matairi: namba nne za mwisho ubavuni zilisema 2316, wiki ya 23 ya mwaka 2016. Yalikuwa na kashata nzuri tu, lakini raba imezeeka. Gari lenye injini nyuma ya viti, ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona, mkia unataka kupita mbele. Breki nazo tukafanya. Nguvu haikusaidii kama huwezi kusimama.

Jumapili ya wiki iliyopita, saa mbili asubuhi, barabara imekauka, baba akakamata usukani. Mama alikataa kuja, alisema viti ni viwili na yeye ana akili timamu. Tulipopita makazi ya watu na barabara ikanyooka mbele, baba akashuka gia ya tatu na kukanyaga. Ile taa ya kijani ya supachaja ikawaka kwenye dashibodi, sauti ya rota ikaanza chini kama nyuki na kupanda. Nilikuwa natazama namba: 0.57, 11.8, nyuzi 58. Nilipoinua macho baba alikuwa anatazama mbele tu, mikono miwili kwenye usukani, midomo imebana kama mtu anayezuia kucheka kanisani. Alipofika spidi ya barabara akaachia taratibu, kama nilivyomfundisha.

"Ongeza?" nikamuuliza.

"Imetosha," akasema. "Hii inatosha."

Miadi yake ya kliniki ni tarehe 14. Hatujui watasema nini. Tumekubaliana kwamba wakisema basi, funguo zinakuja kwangu, na yeye atakaa kiti cha kushoto na kusoma geji kwa sauti, maana za katikati bado anaziona vizuri.

Mnaotaka kuongeza busti kwenye magari yenu yaliyokula kilomita, nipo kimbwete cha kawaida kila Jumatano jioni. Geji ya kompresheni ninayo, naazima bure, mradi irudi. Puli msiniulize kabla hamjaniletea namba nne za silinda.

Haya, narudi kwenye desa. Alamsiki.